Nilinyamaza kwa Adabu

Kasongo, karibu na soko,
tarehe 9 Machi 2025.

Mpendwa Mjomba Assumani,

Asalaam aleikum. Habari za Kigoma? Kifua chako kimetulia? Mama Amisa na watoto nao wanaendeleaje? Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Dada yako mguu bado unamsumbua, lakini ukimwambia apumzike ndipo anachukua jembe.

Mpunga umekubali mwaka huu. Mama anasema ungekuwa hapa ungenenepa.

Sasa niache nijisifu kidogo, maana usiponisikiliza wewe nani atanisikiliza? Unajua naandika programu za kompyuta. Lugha ninayoiandikia haina mwenyewe mmoja: watu wa nchi nyingi wanaijenga kwa kujitolea, na yeyote anayeona kasoro anaweza kuleta sahihisho. Wakubwa wanalikagua, wakiridhika linaingia kwa faida ya wote.

Kasoro mimi niliiona zamani. Ukipakua vifaa vya lugha hiyo na mtandao ukakatika, vinaanza tena toka mwanzo. Wewe ni fundi cherehani: ni kama uzi ukikatika ufumue shati zima. Walioijenga mtandao wao haukatiki, wangejuaje? Hapa Kasongo nimewahi kupakua kifaa kimoja siku nne. Basi nikaandika sahihisho ili kazi iendelee pale ilipoishia.

Mkaguzi, mama mmoja wa Ubelgiji aitwaye Emilienne, akanionyesha makosa kumi na moja, na maswali juu yake. Kumi niliyarekebisha kwenye mashine yangu kwa siku mbili, bila kumtumia. Kisha nikanyamaza. Mjomba, si ndivyo mlivyotulea? Mkubwa akikukosoa humjibu. Unarekebisha, unakaa, unangoja akuite. Nikangoja mwezi mzima. Kumbe wao walidhani nimeiacha kazi! Wakaifunga, wakataka kupokea ya mtu mwingine, ambayo mtandao ukikatika inarudia tu yote toka mwanzo, hadi mara tano. Sisi wa huku tungebaki palepale.

Niliumia, sikufichi. Mama alinikuta nimejiinamia, nikamweleza, naye hakunionea huruma hata chembe. "Mutu iko anakuuliza, weye unanyamaza! Ile si heshima, ni kiburi. Umujibu leo leo!"

Nikamjibu. Nilimsalimia, nikamwomba radhi, nikaeleza kila kosa nililolirekebisha. La saba nilikataa, kwa sababu hapo aliyekosea ni yeye. Kazi yangu naijua. Nikamwambia akate mtandao wake mwenyewe katikati, mara tatu, aone.

Alijaribu. Kesho yake akaandika kwamba la saba kweli kosa ni lake, na Ijumaa ya wiki ile sahihisho langu likapokelewa. Jina langu limeandikwa pale pamoja na ya wengine. Nililia, Mjomba, halafu nikaenda kumpikia mama.

Binamu Nourdine amelijaribu juzi kule Salamabila. Mtandao ulikatika mara sita na kazi ikamalizika. Alinipigia simu akicheka peke yake.

Na si hayo tu. Emilienne sasa ananipa kazi za wageni, wanaoleta sahihisho kwa mara ya kwanza, nizikague. Wa kwanza nilimwandikia makosa yake manne, akanyamaza. Wiki ikapita, ya pili ikapita, wenzangu wakasema tuifunge. Nikawaambia wasubiri. Nikamwandikia tena, nikamuuliza kwanza hali ya nyumbani kwake. Alijibu kabla sijainuka kitini: kazi yote alikuwa ameshaimaliza.

Nisalimie Mama Amisa, Mounira na Ayoubu. Mama na Nourdine wanakusalimu sana. Mungu akulinde na baridi ya ziwa na akurudishe kwetu ukiwa na afya.

Mpwa wako akupendaye,
Hidaya