Mifuko Iliyofungwa kwa Uzi wa Buluu

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada kabla sijapasuka, maana mjini kwetu naitwa shujaa, na kila nikiitwa hivyo natamani ardhi inimeze.

Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya taka katika mji mdogo hapa jimboni Maine, na kwa miaka sita nimepigania mpango mmoja tu, kwa sababu dampo letu lilikuwa likielekea kujaa na baada ya hapo lingepanuliwa hadi shamba la maziwa la akina Hatch, nami nilitaka tutenganishe taka, mabaki ya chakula yawe mboji, makopo na karatasi ziende kiwandani, kinachobaki ndicho kizikwe. Nimegonga milango kwenye theluji, nimeitwa Malkia wa Jalala, na Machi hii kwenye mkutano mkuu wa mji, tulipomaliza mlo wetu wa desturi wa maharage ya kuoka, mikono ikainuliwa kupiga kura, mia moja themanini na saba dhidi ya sitini na mmoja! Watu walipiga sakafu kwa mabuti yenye matope, mama Hatch akanikumbatia mpaka miwani ikanidondoka, nikalia kama mtoto. Shamba limepona! Halmashauri ikasema taarifa ya mji, ambayo kila mwaka hutolewa kwa heshima ya mkazi mmoja, safari hii itatolewa kwa heshima yangu, picha na yote.

Sasa sikia aibu. Mwaka jana, tulipokuwa bado tunaujaribu mpango, kiwanda kilirudisha lori letu mara mbili kwa sababu mifuko ya plastiki ilijisokota kwenye meno ya mashine, mpango ukakaribia kufa, watu wakamtafuta mkosaji, nami nikasema mbele ya kamati, "Sitaji mtu, lakini tuna jirani anayepinga kila kitu," na wote wakamgeukia mzee mmoja, nimwite Leland. Tangu hapo kila Jumamosi, siku ambayo kila mtu hupeleka taka zake dampo, msimamizi alifungua za mzee hadharani, na watu wakimtania, "Mzee, leo umetuletea nini tena?" Yeye alijibu, "Fungueni, kwani mna kazi gani nyingine?" ila kila wiki alijibu kwa sauti ya chini zaidi, na tangu Januari haji kabisa, hali tangu mkewe afariki pale dampo ndipo alipokuwa akipata watu wa kuongea nao.

Wiki iliyopita msimamizi alinionyesha picha kutoka kiwandani. Mifuko myeupe, imefungwa kwa uzi wa buluu wa kufumia. Mshauri, uzi ni wangu! Mimi huosha vikopo vya mtindi, huvikausha, huvitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga vizuri visipeperuke. Karatasi ya kukataza mifuko niliiandika mimi mwenyewe, nikidhani inakatazwa ile mitupu! Msimamizi hajagundua. Nikisema, wapinzani watadai kura irudiwe. Nikinyamaza, Leland atakufa na jina baya. Nifanye nini? Tafadhali futa jina langu.

JIBU

Malkia, kwanza hongera! Niliposoma hesabu ya kura nilisimama jikoni nikapiga makofi peke yangu. Miaka sita ya kugonga milango si mchezo, na ushindi huo hakuna wa kukunyang'anya.

Sasa kaa nikuseme. "Sitaji mtu" yako ilimtaja mzee wa watu kuliko jina lake. Hukujua kosa ni lako, sawa, lakini hukujua pia kwamba ni lake, mbona ulifungua mdomo? Na usijifiche nyuma ya mpango. Watu walipigia kura dampo, hawakupigia kura vikopo vyako vya mtindi. Tena ikiwa mwenyekiti mwenyewe hakuielewa karatasi yake, wangapi wengine wanafunga mifuko vizuri hivyo hivyo? Ukisema, lori halitarudishwa tena.

Kesho nenda kwa Leland. Usipeleke keki, atadhani unamhonga. Akifungua mlango, neno la kwanza liwe "Ni mimi," na akikufokea, simama ufokewe. Kisha mwombe aje Jumamosi. Peleka mifuko yako dampo, uifungue mwenyewe mbele ya watu, naye Leland ndiye akuulize umetuletea nini tena. Nakuhakikishia atacheka kuliko wote, na hiyo ndiyo siku mpango wako utakuwa umeshinda kwelikweli. Halafu waambie halmashauri taarifa ya mwaka itolewe kwa heshima yake yeye.

Najua utataka kufikiria kwanza. Haya, fikiria. Jibu hili nimekutumia leo Jumatatu, na gazetini litatoka Ijumaa. Jina lako nimelifuta kama ulivyoomba. Uzi wa buluu nimeuacha.