Nimemwona Papa Wako

Mpendwa Baba Mwajuma,

Assalamu alaikum, wewe uliyelala Salale. Nakuamkia kutoka Kibiti, kwenye nyumba ya mume mwingine. Naanza na hilo ili usije ukakutana nalo katikati ya maneno ukadhani nilitaka kulificha. Nilikaa eda yako yote, nikatoka, nikakaa tena peke yangu mpaka binti yetu akachoka kuniona nazungumza na masufuria. Ndipo nikaolewa na Fundi Seifu, mshona nguo wa hapa sokoni, Mmatumbi mpole ambaye ungemtania mpaka akimbie. Hayo nilikwisha kukwambia mbele ya kaburi lako, na sikuona uzito. Leo nina jingine, na hili ndilo limenifanya nisifike makaburini tangu nirudi safari.

Nimekwenda Mafia. Nimemwona papa potwe, yule anayewashinda samaki wote kwa ukubwa.

Ndiyo, mimi. Mimi niliyekuwa nikikujibu kila msimu "mwakani, inshallah".

Uliendesha boti ya wageni kule Kilindoni, na kila msimu wa papa ulikatisha kazi ukaja Salale kunichukua. Ulifika pua imekuungua kwa jua, hata viatu hujavua, ukaanza: "Mama Mwajuma, jiandae. Wazungu wanapanda ndege mbili kuja kumwona jirani yako, wewe hata sura yake huijui." Na mie nimesimama mlangoni na matope mpaka magotini, nakujibu: "Na mpunga ataulinda nani? Huyo papa wako?" Ulicheka kila mara, na kila mara ukarudi Kilindoni peke yako.

Hukunilaumu, kwa sababu ulijua nimetoka wapi. Mimi ni mtoto wa Ngorongo, nimekulia juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu shambani tunachokaa kufukuza wanyama na ndege. Mbegu zikiwa chini wanakuja nguruwe kuzifukua, zikiota wanakuja ngedere, na mpunga ukianza kutoa maziwa ndege wanashuka kama wamealikwa. Kwetu, mwanamke ambaye mpunga wake umeliwa hawasemi ana bahati mbaya. Wanasema hana haya. Nami pale Salale nilikuwa mke wa kuja, na dada zako macho wanayo. Kwa hiyo hapakuwa na mwezi niliokuwa huru, na hata ule ambao ningekuwa huru niliutafutia kazi.

Unakumbuka siku uliyopanda dunguni na ile miwani ya kuzamia? Ulinivika juu ya mtandio, ukanitia mrija mdomoni, ukanifundisha kupumua hapohapo juu, maji yenyewe yako mbali. "Taratibu, mama. Usihangaike. Papa huyu haumi, anakula vidagaa." Nikapumua kama bata mwenye mafua. Tulicheka mpaka dungu likayumba. Tulipotazama shambani ndege walikuwa wametua, weusi tupu. Nikaivua miwani nikaitupa, nikashika kombeo, nikakusuta kwa sauti ambayo majirani waliisikia, kwamba umekuja kunitia njaa kwa mchezo wa wageni. Ulishuka ngazi, ukachukua debe, ukazunguka shamba lote ukilipiga mpaka jua likazama. Sikukushukuru. Niliona ni haki yangu.

Msimu wako wa mwisho hukuniuliza kabisa. Nikadhani umenielewa hatimaye. Kumbe ugonjwa wa ini ulikuwa umeshaanza kukutafuna, nawe huna nguvu ya kumbembeleza mtu mara mbili.

Mpunga wa mwaka ule ulikubali sana, Baba Mwajuma. Haukuliwa hata suke la kusema. Tukaupika kwenye matanga yako, watu wakala, wakausifu, wakasema nyumba hii mwanamke alikuwepo. Nilikuwa nimekaa ndani na kaniki yangu nikiwasikia. Ningewapa ndege shamba zima siku ile, na la mwaka uliotangulia, na la mwaka wa kabla yake. Wangekula tu, nasi tusingekufa njaa. Ndugu zako wangetugawia, wangetusema wiki mbili, yakaisha.

Sasa sikiliza la Fundi. Mwaka huu sare za shule zilimwendea vizuri, akaja asubuhi moja na hamu usoni. Yeye habari zangu na zako za papa alikuwa hazijui. Akasema, "Mama Mwajuma, wanasema Mafia kuna mengi ya kutazama. Tukatembee siku mbili tatu, tupumzike." Nikasema haya. Haya tu, chai haijapoa. Neno ulilolingoja miaka yote, yeye nilimpa akiwa bado anatafuta maneno ya kunishawishi. Jioni nikampigia Mwajuma simu nikitumaini atanikataza. Akanijibu, "Mama, nenda. Baba angekusukuma majini kwa mikono yake."

Basi nikajipangia udhuru wangu. Nikajiambia nakwenda kwa niaba yako, kama mtu anavyomhijia marehemu. Tukapandia boti Nyamisati. Fundi alitapika kuanzia tulipoiacha mikoko mpaka tunaiona Kilindoni, kila akiinua kichwa ananiomba radhi, nami namshika mgongo. Kesho yake tukavushwa kwenda kisiwa cha Chole. Nikawaona wale popo wakubwa wananing'inia mchana kweupe, wakigombana kama wanawake kisimani, nikasema moyoni: Baba Mwajuma aliniambia. Tukatembezwa kwenye magofu ambayo mizizi imekumbatia kuta, nikasema: aliniambia. Maji yalipopwa tukapelekwa kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari, jeupe, halina hata jani, na wageni wanapiga picha wakirukaruka. Fundi naye akaruka, kofia yake ya kiua ikaanguka. Nikacheka, halafu nikasema upesi: aliniambia. Ulikuwa umejaa kila mahali, nami nikajiona sina kosa.

Siku ya tatu tukaenda kwa papa. Nilivaa dera langu na suruali ndani, na jaketi la kujiokolea juu yake, nikawa mnene kama gunia. Fundi alikataa kuingia majini, akasema milimani kwao maji yanakaa mtungini. Kijana anayeongoza wageni akapiga kelele, "Huyo anakuja! Ruka, mama, ruka!" Nikashusha miwani ya kuzamia machoni, nikatia mrija mdomoni, nikaruka.

Alipita chini yangu. Nilikwisha kumsikia kwako mara mia, lakini kusikia si kuona. Mgongo wote una madoa kama kanga wa porini, na mdomo wake ungeweza kumeza meza yetu ya chakula na viti vyake. Hakuwa na haraka. Alipita, akapita, nikadhani ameisha, bado anapita. Nilipumua taratibu. Sikuogopa. Mwili wangu wote ulikuwa na raha ambayo sijui nilikuwa nimeiweka wapi miaka yote hii.

Na hapo, Baba Mwajuma, sikukukumbuka.

Hata kidogo. Hukuwepo. Popo niliwaona pamoja nawe, magofu niliyaona pamoja nawe, lakini kwa papa mwenyewe, yule uliyenibembeleza kwa ajili yake, nilikuwa peke yangu na nimetosheka. Nikaibuka juu, nikaing'oa ile miwani, nikaita kwa sauti yangu yote: "Seifu! Seifu, nimemwona!"

Unajua mimi sikuwahi kukuita jina lako. Tumezaa, tumezika wazazi, na siku zote ulikuwa Baba Mwajuma, maana mwanamke wa kwetu hapayuki jina la mumewe mbele za watu. Hata yeye nilikuwa namwita Fundi. Nimelipayuka jina lake katikati ya bahari uliyoifanyia kazi wewe, wageni wananitazama, na wala sikuona aibu. Ulinirudia jioni, nilipokuwa nakula pweza. Nikalirudisha tonge sahanini.

Tangu siku hiyo kila Ijumaa natafuta sababu ya kutokuja Salale. Mara mguu, mara mvua, mara boti imejaa. Jana Fundi akaniuliza kunani, nikamweleza yote, toka dungu mpaka lile jina. Alimaliza mshono uliokuwa mkononi, akakata uzi. Kisha akasema, "Nenda kamwambie. Mie nitakungoja gatini, nisije nikawa kikwazo."

Kwa hiyo nakuja Ijumaa hii kukufyekea majani kabla Ramadhani haijaingia. Udhuru wangu wa niaba yako nimeuacha. Nilikwenda kwa ajili yangu. Sitaki unisamehe kwa safari, najua safari ungeifurahia kuliko mimi. Nisamehe kwamba nilipotoka majini nilimwita yeye. Na kama bado una nafasi ya jingine, nisamehe zaidi kwamba aliitika, akanyoosha mikono yote miwili na woga wake wote wa maji, nami nikafurahi kuwa kuna mtu wa kuitika.

Lala salama.

Mkeo wa Salale