Aliyemtuma Kubai Juu ya Mabati

Wabera,
Isiolo.
14 Juni 2025

Mpendwa binti yangu Kagendo,

Habari za huko Winnipeg? Natumaini baridi imewaachilia na mwanao anaendelea vizuri. Mimi sijambo kwa kusema tu. Figo zimekataa, na daktari siku hizi anaongea na shangazi yako Kawira badala ya kuongea nami. Vumilia mwandiko. Zamani ningempa mwanafunzi sifuri kwa mwandiko kama huu.

Mvua ya Aprili ilipita juu juu. Jirani yetu Abdighani amehamishia ng'ombe wake Kinna, lakini maziwa bado ananiletea.

Nimeiona katuni yako. Mumina, mjukuu wa Abdighani, alinionyesha kwa simu, akidhani nitafurahi. Mwanzoni nilicheka, nakiri. Yule baba mwalimu mwenye kitambi haondoki kwenye kochi. Kila kipindi mvulana wake anapanda juu ya nyumba kugeuza eriali ya televisheni, anaanguka, anajipangusa vumbi na kuingia ndani kula. Kisha kipindi cha mwisho anaanguka na hainuki. Baba anaendelea na mzaha wake, mpaka vicheko vinakatika na inabaki sauti ya televisheni tu.

Hayo hayakuniumiza. Kitambi nilistahili, na kochi pia. Kilichoniumiza ni yule msichana mdogo mlangoni anayemwambia kaka yake, "Panda." Umemchora hivyo kwa sababu ndivyo unavyokumbuka, na unakumbuka hivyo kwa sababu nilikufundisha. Nilifundisha miaka thelathini na minne, na hilo ndilo somo pekee ambalo mwanafunzi wangu hakulisahau.

Ilikuwa hivi. Jumamosi alasiri, mwaka 1994. Ulikuwa na miaka sita, kaka yako Kubai kumi na mmoja. Mama yako Kaari alikuwa kanisani kwa mkutano wa akina mama. Televisheni mtaani ilikuwa yetu tu, na sebule ilijaa watu waliokuja kutazama mpira. Picha ikaanza kuruka. Mimi nikamwambia Kubai apande. Wewe kazi yako ilikuwa kusimama mlangoni na kumpigia kelele: geuza upande wa mlima, bado, rudisha kidogo. Mvua ilikuwa imekatika muda huo huo. Ulisema, "Baba, mabati yameloa. Atateleza."

Nilikujibu mbele ya wageni, "Huyo ni tumbili, hatelezi. Na akianguka, aiache eriali ikiangalia mlimani." Wakacheka sana. Nilipenda kuchekesha watu, Kagendo. Kishindo kiliposikika nje walicheka tena, nami nikasema, "Hata picha imekuwa safi." Ilikuwa safi kweli. Tulitazama karibu dakika nzima, mpaka ulipoanza kulia.

Mama yako alifika akauliza nani alimtuma mtoto juu. Nikasema, "Muulize Kagendo." Nililirudia neno hilo miaka na miaka, mpaka wewe mwenyewe ukaanza kuomba msamaha. Kaari alienda kaburini akiamini hivyo. Siku uliposafiri, akakataa kukupa mkono, nilikuwa nimesimama kando yake.

Abdighani alikuwa sebuleni siku ile. Hakuniumbua, kwa heshima, lakini kila Idi akiniletea nyama huniuliza, "Mwalimu, umemwambia mtoto?" Mimi humjibu, mwaka huu. Jana alisema, "Mwaka gani huo, na wewe hata kusimama huwezi?" Nimempa namba yako. Ukitaka shahidi, yuko tayari.

Siombi msamaha. Sina muda wa kuusubiri, na wewe huna sababu ya kuharakisha. Ila Kawira ananiambia humruhusu mwanao hata kupanda bembea. Mwache apande. Wewe hukumtuma mtu.

Na kama katuni ile bado inarekebishika, litoe lile neno kinywani mwa msichana uliweke kinywani mwa baba. Msichana mpe maneno aliyoyasema kweli, kwamba mabati yameloa.

Kawira anakusalimu, pia Abdighani na nyumba yake yote. Nisalimie mjukuu wangu, uliyempa jina la Kubai bila kuniuliza. Ulifanya vyema. Mungu akulinde kuliko nilivyokulinda mimi.

Ni mimi baba yako, nikupendaye kwa kuchelewa,

M'Ikiara