Aliyesema Tuvuke

Sultan Hamud,
Jumapili, 2 Machi 2025

Kwa Baba mdogo Kyule,

Ninakusalimu kwa jina la Bwana. Hujambo? Mgongo umepoa? Mbuzi wanapata majani huko Kwa Vonza? Sisi huku ni wazima nusu. Ule uvimbe wa Mama tumboni utatolewa tarehe 11 Aprili, lakini daktari amesema presha isiposhuka hawatathubutu kumkata. Haishuki. Chakula anakiangalia tu. Anasema ugonjwa huu ni malipo yake kwa kifo cha Baba, na kile kijitabu cha mazishi ulichoandika wewe bado anakiweka ndani ya Biblia, anakisoma kuliko Biblia yenyewe.

Ninaandika barua kwa sababu tunaishi chumba kimoja na Mama husikia kila simu. Tena Evanson wa lori la ndengu anasema simu yako haipatikani. Yeye ndiye atakuletea hii.

Shida yangu ni hii. Ninafundisha shule ya Jumapili. Leo nilisoma habari ya kipofu wa Yeriko, na msichana mmoja akainua mkono: "Mwalimu, kwa Marko kipofu ni mmoja, kwa Mathayo ni wawili. Huyo mwingine alienda wapi?" Nikafungua Luka nijitetee. Luka naye anasema Yesu alikuwa akikaribia mji, na wale wengine wanasema alikuwa akitoka! Nilifunga kitabu nikawaambia waimbe.

Sasa naogopa hata kuifungua Biblia. Kama hawasikizani juu ya kipofu tu, mimi nitashika nini nikimwombea Mama? Wewe ni mzee wa kanisa na husema umeimaliza Biblia mara saba. Nisaidie.

Mwanao,
Nzisa


Kwa Vonza,
9 Machi 2025

Kwa Nzisa, mwiitu wakwa, binti yangu,

Barua yako nimeipokea kwa mikono miwili. Mimi niko imara. Mgongo ulipona siku ile ile, daktari aliushika akaniuliza kama nimeuazima kwa kijana. Simu usiulize. Beberu aliimeza. Siku tatu ilikuwa ikilia tumboni mwake kule malishoni, hata watu wakaanza kumwitikia "haloo". Siku ya nne chaji ikaisha.

Sasa swali lako. Mwanangu, umeniuliza kitu kidogo sana. Mimi niliachia darasa la saba kwa sababu mwalimu mkuu aliogopa ningemfundisha yeye. Sikiliza. Vipofu walikuwa wawili. Marko alimtaja mmoja kwa sababu huyo ndiye watu walimjua jina, Bartimayo mwana wa Timayo. Je, Marko alisema alikuwa peke yake? Hakusema. Na Yeriko zilikuwa mbili, ya zamani na mpya, kama soko la zamani na soko jipya. Unatoka hii unaingia ile hata mate hujameza. Basi, kwisha.

Chukua mfano wangu. Nilipopigana na fisi kule mlimani, rafiki yetu Jonah husema fisi alikuwa mmoja. Mimi husema watatu. Kuna mwongo hapo? Hakuna! Jonah alikuwa juu ya mti amefumba macho, alifumbua mara moja tu. Mimi nilikuwa chini, nimeshika mmoja sikio. Kila mtu anasema kulingana na mahali aliposimama.

Kwa hivyo kanuni yangu ni hii, iandike kwa daftari. Mashahidi wakitofautiana, usikimbilie kumwita mtu mwongo. Weka maneno yote mezani. Yanayounganika, unganisha. Yanayokataa, uliza kila mmoja alikuwa amesimama wapi, na kwa nini aliacha kile alichoacha. Ukiuliza bila woga, ukweli utakuja wenyewe ulale miguuni pako kama mbwa.

Mama yako, Shemeji Nduku, mwambie asiogope kisu. Aliyevuka mto Tiva uliofurika mwaka wa tisini na saba akiwa na ndama mabegani anamwombea.

Ni mimi Baba yako mdogo,
Mzee Kyule, Simba wa Tiva


Sultan Hamud,
16 Machi 2025

Kwa Baba mdogo,

Salamu, na pole kwa simu. Sisi tuko vile vile, presha iko juu.

Kanuni yako niliwafundisha watoto, na yule msichana alitosheka. Lakini nimeitumia mahali pengine pia.

Alhamisi nilikuwa mjini Wote kwa karatasi za hospitali za Mama. Sokoni nikamkuta Jonah, yule wa fisi, anauza viatu. Tukaongea juu ya siku Tiva ilipomchukua Baba, ile Aprili ya 2018. Nimerudi nikaweka maneno yote mezani, kama ulivyosema.

Kijitabu cha mazishi kinasema: "Marehemu Musyimi alipigiwa simu na mkewe aende nyumbani haraka, akaingia mtoni asimsikilize mtu." Ni kweli Mama alipiga. Nilikuwa na miaka kumi na minne, malaria imenishika, nikamsikia: "Baba Nzisa, mtoto anachemka, njoo." Tangu ulipokisoma kaburini, wanawake wa ukoo walimwita "yule wa simu". Wewe unajua ndiyo sababu tulihama Kitui. Ila hujui kwamba mimi pia nimebeba hiyo simu. Homa ilikuwa yangu.

Katika ushuhuda wako kanisani ulisema uliingia majini pamoja na Baba, ukamshika mkono hadi maji yakafika shingoni, naye akakwambia, "Niachilie, watunze wanangu."

Jonah anasema mlikuwa watatu ukingoni, mkitoka mnada wa mbuzi. Baba aliangalia maji, akasema atazungukia darajani, afadhali achelewe. Hayo aliyasema baada ya simu ya Mama, Baba mdogo. Baada. Halafu mtu akasema, "Tuvuke." Nikamuuliza Jonah ni nani. Akachukua kiatu kilichokuwa safi akaanza kukipangusa. Akasema, "Muulize Kyule."

Haya hayaunganiki. Kama Baba alishaamua kwenda kwa daraja, basi si Mama aliyemwingiza mtoni. Na Mama ataingia chumba cha upasuaji akiamini ni yeye.

Wewe ulikuwa umesimama wapi? Na kwa nini uliacha kile ulichoacha?

Mwanao,
Nzisa


Sultan Hamud,
30 Machi 2025

Kwa Baba mdogo,

Hujambo? Wiki mbili hakuna jibu. Evanson anasema alikupa barua mkononi, ukaisoma umesimama, kisha ukaketi juu ya gunia la ndengu hadi wakamaliza kupakia, na hukumpigia hadithi hata moja. Alidhani umefiwa.

Mama jana aliniandikia nani atapewa vitenge vyake na nani sufuria kubwa. Zimebaki siku kumi na mbili.

Nzisa


Kwa Vonza,
2 Aprili 2025

Kwa binti yangu Nzisa,

Salamu. Mimi si mgonjwa na pia si mzima.

Hiyo barua yako ya tarehe 16, ichome. Usimsomee Shemeji. Jonah ni mtu wa kuuza viatu, anajua nini? Labda kulikuwa na simu mbili. Labda Musyimi alisema daraja kwanza, halafu akabadilisha mawazo mwenyewe. Unaona vile inaunganika? Nimekaa hapa siku nyingi nikiunganisha. Kila nikiunganisha huku, kule kunafunguka.

Mwanangu, wewe ni wa mjini, huelewi. Siku ya mazishi, kabla ya kutupa udongo kaburini, niliushika kwa mkono wa kulia nikasema mbele ya wazee wote: "Kama haikuwa hivyo, Tiva initafute na mimi." Watu walilia. Mimi nilikuwa naongeza utamu tu, unajua vile naongea. Lakini maneno yalitoka na udongo ukaingia. Tangu siku hiyo sijavuka mto, hata ukiwa mkavu mchanga mtupu. Mbuzi wakivuka huwa ninawaita kutoka upande huu.

Na wazee wakisikia wataleta kithitu, kile kiapo cha zamani ambacho mtu akiapa uongo anakufa yeye na nyumba yake. Nikiapa, nimekufa. Nikikataa kwa sababu ya wokovu, watajua.

Mvua imeanza. Tiva nasikia inavyonguruma hapa nilipo. Niachie, tafadhali.

Baba yako mdogo,
Kyule


Sultan Hamud,
4 Aprili 2025

Kwa Baba mdogo,

Nimesoma barua yako na nimekuonea huruma. Mimi pia naogopa, usidhani ni wewe peke yako.

Nataka kukwambia somo la Jumapili hii. Tunakaribia Pasaka, kwa hivyo ni Petro kumkana Yesu. Nimevisoma vitabu vyote vinne. Havisikizani juu ya nani alimuuliza mara ya pili: ni kijakazi yule yule, ni mwingine, ni mwanamume, ni watu tu. Marko anasema jogoo aliwika mara mbili, wengine hawahesabu. Nilitaka kufunga kitabu tena.

Halafu nikauliza swali lako, kila mmoja alisimama wapi. Karibu wote walikuwa wamekimbia! Maneno yale mtu wa kuyasimulia alikuwa hasa Petro mwenyewe. Angeweza kusema alipigana uani na askari kumi. Kumbe alienda akawaambia watu: nilikana, jogoo akawika, nikalia. Vitabu vinatofautiana juu ya vijakazi, lakini hakuna hata kimoja kilichoficha hilo. Baba mdogo, pale imani yangu ilirudi. Haikurudi kwa sababu ya Yeriko mbili.

Sitachoma barua. Lakini sitamsomea Mama maneno ya Jonah. Nataka yatoke kwako. Evanson anapita huko Jumanne.

Mwanao,
Nzisa


Kwa Vonza,
Jumanne, 8 Aprili 2025

Kwa Nzisa, na kwa Shemeji Nduku,

Nawasalimu. Hii ni mara ya tano kuandika. Zile nne nimezirarua, kwa sababu katika ya kwanza nilikuwa nimeingia majini hadi kiunoni, ya pili hadi kifuani, na ya nne nilikuwa nimeanza kuogelea. Evanson amewasha lori, ananingoja, kwa hivyo nitasema haraka.

Tulikuwa watatu. Shemeji alipiga simu. Musyimi akajibu anakuja. Akaangalia maji, akasema, "Nitazungukia darajani, afadhali nichelewe nifike." Alisema hivyo kabisa. Akaanza kwenda.

Kulikuwa na watu wa mnada pale ukingoni, wageni wasiotujua, na mimi nilikuwa nimewasimulia ile habari ya ndama. Nikaona aibu ndugu yangu akizunguka. Nikacheka. Nikamwambia, "Musyimi, unaogopa maji ambayo mimi nilivuka na ndama mabegani? Mtoto anaumwa na wewe unatembeza miguu? Tuvuke." Watu wakacheka. Akarudi. Akavua viatu akanipa nimshikie.

Tuliingia pamoja. Maji yaliponifika magotini nikageuka. Nilimwambia nimesahau fimbo. Yeye akaendelea, kwa sababu aliamini ndama. Shemeji, hakuna ndama. Mwaka wa tisini na saba nilivuka Tiva nimeketi nyuma ya lori, kwa daraja.

Alipofika katikati aligeuka kuangalia kama niko nyuma yake. Ndipo yakamchukua. Sikumshika mkono. Hakusema kitu juu ya watoto. Alikuwa mbali, hata kama alisema sikusikia.

Viatu niliwaletea nikasema nimeviokota.

Kijitabu niliandika mimi, na neno la simu niliweka mimi, ili watu wasiulize neno lingine. Nzisa, homa yako haikuua mtu.

Nakala ya barua hii nimempa mwenyekiti wa ukoo leo asubuhi. Ameisoma, hata maji hakunipa. Wameniita Jumamosi. Wakileta kithitu nitawaambia hakuna haja ya kuapa, ni mimi. Ninaogopa sana. Hata kalamu nashika kwa mikono miwili.

Ningependa kuja hospitali tarehe 11, lakini siwezi kusimama mbele ya Shemeji kama hajaniita.

Kyule


Hospitali,
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Kwa Baba mdogo,

Salamu kutoka kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Nikimaliza nitampa Evanson hii, yuko getini.

Barua ilifika Jumatano. Nilimsomea Mama. Hakulia. Alikasirika, akakuita majina ambayo mwalimu wa shule ya Jumapili hawezi kuyaandika. Akavitaja vile viatu, kwamba alivisugua tope yeye mwenyewe. Halafu akasema, "Soma tena pale pa daraja." Nikasoma. "Tena." Nikasoma mara nne. "Alisema afadhali nichelewe nifike?" Nikamwambia ndivyo alivyosema. Akasema, "Huyo ndiye Musyimi. Huyo ndiye niliyeolewa naye." Akaomba uji, akamaliza kikombe.

Leo asubuhi nesi alimpima presha, akaangalia mashine, akampima tena. Wakasema wanaweza.

Alipokuwa akisukumwa kwenda ndani alinishika mkono akaniuliza, "Tiva imejaa?" Nikamwambia Evanson amesema imejaa hadi kwenye miti. Akafikiri. Akasema, "Mwambie Kyule aje. Lakini apitie darajani."

Mlango umefungwa tangu saa nne. Hakuna mtu ametoka kuniambia kitu, na kila kiatu kikisikika huko ndani nasimama. Naogopa kukaa hapa peke yangu.

Njoo, Baba mdogo. Zunguka. Afadhali uchelewe.

Mwanao,
Nzisa