Maji Yaliyoua Amiba Zangu

Kericho,
14 Juni 1969

Kaka yangu mpendwa Nyaberi,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu Nyambeki, na kikohozi cha Mama kiwe kimepungua. Mimi mwili hauna neno, ila usingizi umekuwa haba.

Unakumbuka nilikuambia kwamba mmoja wetu sisi wasaidizi wa maabara ya shule angepelekwa Nairobi kusomea kazi hiyo: mimi au mwenzangu Lazarus Oyoo. Mwalimu wetu wa sayansi, Bwana Kipkosgei, alitupa mtihani. Tuchukue amiba, kiumbe cha seli moja tu, tuichome chini ya hadubini kwa sindano ya kioo nyembamba kuliko unywele, kisha tuandike jinsi utando wake unavyojiziba.

Za Oyoo zilijiziba. Ute ulichungulia, tundu likafumba kabla hujahesabu kumi, amiba ikaendelea kutambaa. Zangu zilimwagika zikafa, kila siku.

Nikaanza kumchunguza. Mbona anafika mapema? Mbona ananyamaza nikiingia? Asubuhi moja nikamkuta ameshika chupa yangu, anainusa. Akaniuliza, "Bitutu, haya maji umeyatoa wapi?" Nikamjibu ni ya mvua, nimekinga kwenye mabati, safi kuliko yake ya kijitoni. Akatikisa kichwa. Siku hiyo hiyo nilinunua kufuli nikaifungia chupa kabatini. Amiba bado zilikufa, nami nikajiambia ana ufunguo wa pili.

Wiki tatu zilizopita Mwalimu Mkuu alimfukuza. Niliwaona yeye na mkewe Wilkista wakienda stendi na godoro lao. Kesho yake nikachoma amiba bila wasiwasi. Ikamwagika vilevile.

Bwana Kipkosgei akatia chembe za chumvi ya chokaa katika maji yangu, akaniambia nichome nyingine. Tundu likafumba. Alinieleza kwamba seli ikitoboka, chokaa iliyo majini huingia pale penye tundu na kuufanya utando ushikane tena. Maji ya kijito huipata chokaa udongoni; ya mvua yanayo kidogo mno. Akasema Oyoo alishaanza kuyashuku maji hayo.

Kaka, barua isiyo na jina iliyomfukuzisha, iliyosema anatia spiriti katika chupa yangu, niliiandika mimi, kwa mkono wa kushoto. Sikuwa nimeona lolote. Alikuwa mtu wa ziwani, si wa kabila letu, na yale tunayosema nyumbani juu yao yalinitosha kuwa ushahidi.

Jumatano nilimweleza Mwalimu Mkuu yote. Nairobi siendi tena. Oyoo ameitwa, anarudi Jumatatu, na hajui nani aliandika. Mwalimu Mkuu amesema nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Tangu jana natafuta neno la kuanzia, sijalipata.

Mama usimsomee haya yote. Mwambie nakula vizuri. Nisalimie watoto, na majirani wote wanaoniulizia.

Ni mimi dada yako,
Bitutu