Saba Nilizokuandikia

Mamangu mpenzi,

Kliniki yetu imepata kompyuta tatu kuukuu, na programu yake ni ya bure. Mimi niliyeishia kidato cha pili nimepewa kazi ya kuingiza humo madaftari ya wagonjwa wa sukari, mtoto nikiwa naye mgongoni. Juma lililopita nilifika kwenye daftari lako.

Waikumbuka Shaabani ile? Ulitaka kufunga Ramadhani, nawe ulijua daktari akiona sukari iko juu atakukataza. Kila siku nilitakiwa nikupime nyumbani niandike daftarini, lakini kudungwa kidole hutaki. "Niandikie saba, mwanangu. Sukari itoke wapi, na chai yenyewe nainywa kama maji ya mvua?" Nikacheka, nikaandika. Saba. Saba na nusu. Siku nyengine nilibadilisha kalamu, ionekane kweli. Daktari akalisoma, akakusifu, akakupa ruhusa. Ulitoka ukinikonyeza kama tulioiba embe za jirani.

Kumi la kwanza la Ramadhani halikuisha. Nilikukuta jikoni alasiri, unga wa kaimati mikononi, hunitambui. Siku ya tatu tukakuzika. Watu walisema ni kudra, nami nikaitikia. Sikumwambia mtu.

Basi kompyuta hii humchorea kila mgonjwa mstari wa sukari yake. Wako ulinyooka kama uzi. Nesi Mwanajuma, msimamizi wetu, akachungulia. "Mgonjwa gani huyu? Shaabani, mwezi wa harusi zote zile, haluwa haikumgusa hata siku moja?"

Nikamweleza yote, machozi yananitoka. Nilijua kazi imekwisha. Akavuta kiti. "Nionyeshe za uongo." Kila saba nikaifuta, nikaandika: hakupimwa. Ukurasa mzima, mama.

Siku hizi kabla ya kuingiza daftari la mtu huuliza, "Mumepima, ama mumeandika tu?" Wengi hununa. Jana msichana mmoja wa mtaa wa Tudor, aliyemleta mamake, aliinama. "Tumeandika tu."

Mamake akamfinya. "We mtoto! Waniaibisha mbele za watu?"

Nesi akampima mama huyo papo hapo: ishirini na mbili. Walimlaza, wakamtia maji na dawa, hakuachiwa mpaka iliposhuka. Walipotoka, mama bado anamgombeza bintiye, ngazi hadi barabarani. Nilisimama dirishani nikiwasikiliza. Ningalikubali unigombeze hivyo kila siku, mama, ilimradi uwepo.

Nisamehe. Mjukuu wako ameota meno mawili.

Ni mimi mwanao, uliyeutegemea mwandiko wake.