Fisi Aliyevaa Kabuti

Kibingo, Karagwe
9 Agosti 1953

Mpendwa mpwa wangu Elpidius,

Marahaba, maana najua hapo ulipo umekwisha niamkia. U mzima? Mkonge wa Tanga haujakutoboa? Sisi hatujambo. Mimi meno yanazidi kuniaga, lakini ndizi bado zinanitii.

Sasa habari ya mama yako. Ulisikia kwamba baada ya matanga ya baba yako, baba yako mdogo Rwezaura alihamia nyumba ya marehemu, akamsukumia mama yako jikoni, akasema kibanja chote, migomba na kahawa, ni chake. Tulimsema, akatucheka. Basi nikamngoja.

Padri wetu Mfaransa alitaka kitabu cha picha cha watoto wa shule. Akanisimulia ngano ya kwao niiweke kwa Kiswahili: mnyama anammeza bibi kizee, anavaa nguo zake, analala kitandani mwake akimvizia mjukuu. Nilicheka hadi padri akadhani naumwa. Mnyama wao hapa hatuna, nikaweka fisi. Mchoraji ni katekista Protase. Nikamwomba kwa upole amvishe fisi kabuti la kijeshi, kola imeliwa na panya, na amwachie pengo hapa mbele. Protase akanitazama sana, kisha akachora.

Kwao mjukuu naye analiwa, hadithi imekwisha. Hapo nilimkatalia padri. Fisi wangu anaburutwa mkia na kijiji kizima mpaka amtapike bibi.

Tangu kitabu kifike shuleni, Rwezaura akipita sokoni Nkwenda na kabuti lake na pengo lake, watoto wanampa shikamoo kwa adabu, halafu wanamwuliza, "Babu, mbona meno yako makubwa hivyo?"

Jumapili iliyopita alikuja kushtaki kwa padri. Misa imekwisha, watu wamejaa mlangoni, na mkungu wetu, mkubwa wa kijiji, yupo. Padri akamwuliza nani kamwambia fisi ni yeye.

Rwezaura akafoka, "Hapa Kibingo nani mwingine aliyemtoa mjane kitandani mwake?"

Mkungu akasema amesikia, shahidi mwingine wa nini. Jumanne Rwezaura alihama mchana kweupe, mikeka kichwani. Nilisimama njiani nikampa pole, tena mara mbili, ya kwanza alijifanya hakuisikia.

Mama yako amerudi ndani. Anasema tumsamehe. Nimemwambia atangulie yeye, mimi bado nafurahi.

Nisalimie mkeo Kokuberwa na wajukuu. Shangazi yako Xaveria anakusalimu, naye bado anacheka. Mungu akutunze, akulete kabla kahawa haijaiva, kibanja kinamtaka mwenyewe.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye, wengine wakinichoka,
Cassian